Siku 356: kumkumbuka Grand Kallé na wimbo wake

Hii ni hotuba niliyoitoa jioni ya tarehe 11 Februari kwenye mkusanyiko wetu wa wapenzi wa dansi la zamani, tulipokuwa tunamkumbuka Joseph Kabasele, yule mwanamuziki wa Congo aliyeitwa Grand Kallé. Walioshindwa kufika wameniomba sana niiweke, basi nimeiandika vile vile nilivyoisema, nimeacha tu picha nilizokuwa naonyesha ukutani.

Wazee wangu, shikamooni. Kaka zangu, dada zangu, habari za jioni. Na nyie vijana mliojibanza kule nyuma karibu na spika nawaona, sogeeni mbele, viti vipo, leo nataka nyie ndo msikie kuliko wote.

Naanza na swali. Hivi kuna mtu humu ndani hajawahi kuusikia wimbo wa Indépendance Cha Cha? Hata kama jina hulijui, lile gitaa likianza tu unajua, bega linaanza kucheza lenyewe kabla hujaamua kucheza. Haya, swali la pili. Wangapi wanajua mle ndani kunasemwa nini? Naona mikono imepungua. Sasa hapo ndo pana kazi yangu ya leo, maana sisi wimbo huu tumeucheza miaka zaidi ya 60 kwenye harusi, kwenye baa, kwenye redio jumapili mchana, tumeucheza kama wimbo wa furaha tu, na kweli ni wa furaha, lakini jamani mle ndani kuna watu. Kuna majina ya watu. Na mimi nimekuja kuwazungumzia hao watu na yule kijana aliyewaimba.

Nasema kijana makusudi. Kabasele alizaliwa tarehe 16 Desemba 1930 Matadi, kule mto Congo unakokaribia bahari. Wimbo huu ameuimba Januari 1960, piga hesabu, ana miaka 29. Nico Kasanda, anayepiga lile gitaa ambalo hadi leo wapiga gitaa wanalitafuta na hawalipati, yule tuliyekuja kumwita Docteur Nico, alikuwa na miaka 20. Ishirini! Patrice Lumumba mwenyewe, yule mpigania uhuru wa Congo, ambaye picha zake zinamfanya aonekane mtu mzima sana kwa ile miwani na ile tai, alikuwa na 34. Tukisema wazee waliopigania uhuru tunasahau kwamba walikuwa vijana, wengine wadogo kuliko hawa wanaokaa kijiweni tukawaambia subirini mkue.

Haya twende Brussels.

Januari 1960 Wabelgiji, ndo waliokuwa wanaitawala Congo, wamewaita viongozi wa Congo kwenye mkutano ulioitwa Meza ya Duara. Jina lenyewe lisikilizeni vizuri, meza ya duara, haina kichwa wala mkia, hakuna anayekaa juu. Na hawa walikuwa wanatoka kwenye nchi ambayo Mwafrika aliyetaka kutambuliwa kama "mstaarabu" ilibidi aombe, aje kukaguliwa hadi nyumbani kwake, waangalie analaje, anaishije na mke wake, ndo apewe karatasi. Lumumba naye aliomba, akaipata mwaka 1954. Mtu mzima, baba wa familia, anakaguliwa nyumba ili aitwe mtu! Halafu miaka sita baadaye watu wale wale wanaitwa waje wakae meza moja na Wabelgiji wapange tarehe ya uhuru.

Mkutano unafunguliwa tarehe 20 Januari, Lumumba hayupo. Yuko jela, amefungwa kwa vurugu zilizotokea Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Na hapa ndo pananigusa mimi. Wale wajumbe walikuwa wa vyama tofauti, wa makabila tofauti, wengine walikuwa hawamtaki Lumumba hata kidogo, lakini walikuwa wamejiunga wakawa sauti moja, wakasema mwenzetu aletwe. Na Wabelgiji wakamtoa. Akafika Brussels tarehe 26, kuna picha yake maarufu anaonyesha vifundo vya mikono vilivyoumizwa na pingu. Kesho yake, tarehe 27 Januari, ikatangazwa kwamba uhuru wa Congo ni tarehe 30 Juni 1960.

Kesho yake tu! Leo pingu, kesho tarehe ya uhuru. Mnaweza kupata picha ya usiku ule mjini Brussels? Baridi ya Januari huko nje, na ndani kuna Wakongo wanakumbatiana.

Na bendi ipo. Kabasele alikuwa ameitwa aje na African Jazz awaburudishe wajumbe, na alivyoipanga ile safari ndo naona ukubwa wake. Kule Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, kulikuwa na bendi mbili kubwa zinazoshindana, African Jazz ya Kabasele na OK Jazz ya akina Franco, na mashabiki wao walikuwa kama Simba na Yanga, ukipenda hii ile huipendi. Basi kwenye lile kundi la Brussels wakaingia watu wa OK Jazz, Vicky Longomba kwenye kuimba na Brazzos kwenye besi, wakachanganyika na Nico na kaka yake Dechaud, na Roger Izeidi, na Petit Pierre kwenye ngoma. Kwa hiyo kabla hawajaimba umoja walikuwa wameshaufanya, kwenye jukwaa lile lile, kwenye nota zile zile. Mimi naamini ndo maana ule wimbo unasikika vile, huwezi kuigiza ile furaha.

Wakaupiga pale Hoteli Plaza. Kwa Kilingala, na ndani kuna Kitshiluba na Kikongo, ili watu wa pande tofauti wajisikie wameitwa. Na mdundo ni cha cha cha ya Kuba, ambayo ukiifuatilia damu yake ilitoka huku huku kwetu ikavushwa bahari kwenye meli za watumwa, ikarudi Congo kwenye sahani za santuri kuanzia miaka ya 30, vijana wa Léopoldville wakaisikia wakasema hii mbona tunaijua.

Sasa wimbo unasema nini? Kwa kifupi unasema tumeupata uhuru, tumeushinda mkutano. Halafu unaanza kutaja. Unataja vyama, Abako, Conakat, MNC, PSA na vingine, unasema vimeelewana. Unataja watu, Kasavubu, Lumumba, Bolikango, Kalonji, Tshombe, Kamitatu na wenzao. Na katikati ya hiyo orodha bendi inajitaja yenyewe, African Jazz, kama vile na wao ni chama, kama vile na wapiga gitaa walikuwa na kiti kwenye ile meza. Na mimi nasema walikuwa nacho.

Naomba muyashike hayo majina. Nitarudi.

Nitoke kidogo Brussels niwapeleke Kigoma, kwa babu yangu mzaa mama. Babu alikuwa kuli bandarini, pale kwenye gati ya Wabelgiji iliyokuwa inaitwa Belbase, maana Wabelgiji walipewa sehemu yao pale Kigoma na nyingine Dar, mizigo ya Congo inatoka baharini, inapanda treni, inafika ziwani, inavushwa kwenda Albertville ambayo siku hizi ni Kalemie. Kwa hiyo babu ujana wake wote aliibeba Congo mgongoni bila kuvuka ziwa. Mwaka 1960 alikuwa kijana tu, na wimbo huu ukawafikia kwa redio, redio yenyewe ni moja ya mwenye duka, watu wanajaa barazani. Kilingala hawajui. Lakini majina wanayajua! Babu alikuwa anatuambia kwamba majina yalipoanza kutajwa watu walikuwa wanayahesabu kwa vidole, kila jina kidole, na wakimaliza wanaulizana, na sisi lini? Sisi Tanganyika ilikuwa bado, yetu ni tarehe 9 Desemba 1961. Uganda 1962. Kenya 1963. Zambia 1964. Yaani ule wimbo ulifika mahali pengi kabla ya uhuru wenyewe kufika, na watu waliokuwa hawajapata chochote waliucheza kama wa kwao, na ulikuwa wa kwao kweli.

Kule Zambia, wakati huo ni Rhodesia ya Kaskazini, mwaka 1961 chama cha Kaunda cha UNIP kiliendesha kampeni ya kuwagomea wakoloni, barabara zinazibwa, vitambulisho vinachomwa moto, na ile kampeni iliitwa Cha-cha-cha. Mpaka leo Lusaka kuna barabara ya Chachacha. Wapo wengi wanaoihusisha na wimbo huu, na ukiangalia miaka inavyofuatana huwezi kuwashangaa. Niambieni, ni dansi gani nyingine mnayoijua watu wameitia kwenye jina la mapambano yao?

Sasa turudi kwenye yale majina. Hapa nitaenda taratibu.

Tarehe 30 Juni uhuru unakuja, Kasavubu ni Rais, Lumumba ni Waziri Mkuu. Tarehe 5 Julai, siku tano tu, jeshi linaasi. Tarehe 11 Julai Tshombe anatangaza kwamba jimbo la Katanga limejitenga. Mwezi wa nane Kalonji anaitenga Kasai ya Kusini. Tarehe 5 Septemba Kasavubu anatangaza kumfukuza Lumumba. Siku tisa mbele, Mobutu, ambaye kule Brussels alikuwa kijana wa kumsaidia Lumumba na kwenye wimbo jina lake halimo, anapindua. Na tarehe 17 Januari 1961 Lumumba na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito, wanapelekwa Katanga kwa ndege huku wanapigwa njia nzima, na usiku ule ule wanapigwa risasi porini, Wabelgiji wapo, na Tshombe yupo anaangalia.

Tshombe yupo anaangalia. Yule yule wa kwenye wimbo. Kwenye wimbo ametajwa pamoja na Lumumba.

Nimehesabu. Toka tarehe 27 Januari 1960 mpaka tarehe 17 Januari 1961 ni siku 356. Mwaka haukutimia.

Kuna watu, na nimekutana nao, wasomi kabisa, wanasema basi ule wimbo ulikuwa uongo, ulikuwa utoto, vijana walidanganywa wakacheza wakati wakubwa wanagawana nchi yao. Mimi nakataa. Nakataa kabisa, na nitasema kwa nini. Kabasele hakuimba kitu cha kufikirika. Aliimba alichokiona kwa macho yake! Aliona watu wasiopendana wanadai kwa sauti moja mwenzao atolewe jela, na akatolewa. Hilo lilitokea, lina tarehe, lina picha. Waliokuja kuua ndo waliodanganya, na waliowapa silaha na ndege, na wale waliokuwa wanaitaka shaba ya Katanga kuliko walivyowataka watu wa Katanga. Bunge la Ubelgiji lenyewe liliunda tume, ikasema mwaka 2001 kwamba Ubelgiji inabeba lawama ya kimaadili kwa kifo kile, na mwaka uliofuata serikali yao ikaomba radhi. Sasa kwa nini lawama tuwape waliocheza?

Babu yangu baadaye alipata gramafoni na ile santuri, sijui aliitoa wapi, nadhani ilivuka na watu wa ng'ambo waliokuwa wanakimbia, maana miaka ile ya 60 Kigoma ilipokea wakimbizi kila mara. Mama anasema habari za Lumumba kuuawa zilipofika babu hakwenda kazini siku mbili. Lakini santuri hakuitupa. Watu wakamuuliza mzee, hiyo ya nini tena, hao si wameshauana? Akawajibu, humu bado yuko hai. Humu bado wamekaa pamoja. Aliendelea kuipiga mpaka ikaanza kukwaruza, na majina yakifika hakuwa anahesabu tena vidole, likitajwa la Lumumba anasimama, anakaa, basi, hasemi kitu. Mimi nimekua naona hivyo, mtoto mdogo nilifikiri ni sehemu ya kucheza, na mimi nasimama.

Na Kabasele mwenyewe je? Hapa nitapita haraka kidogo kwa sababu habari ya bendi nyie wazee mnaijua kuliko mimi. Alikuwa mtu wa kufungua milango. Alianzisha lebo yake mwenyewe, Surboum African Jazz, wakati kurekodi kulikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa kigeni. Pale Brussels alimkuta kijana wa Kikameruni anapuliza saksafoni kwenye klabu, akamchukua kwenye rekodi zake akaja naye mpaka Léopoldville, kijana huyo ni Manu Dibango, dunia nzima ikamjua, corona ikamchukua mwaka 2020. Rochereau, huyu Tabu Ley wetu, alipita kwenye mikono yake. Lakini mwaka 1963 Nico na Rochereau wakaondoka wakaanzisha African Fiesta na African Jazz ikavunjika, na hiyo African Fiesta nayo haikukaa ikagawanyika. Mnaona? Hata bendi iliyoimba umoja ilivunjika. Inauma, lakini hebu niambieni, mkisikiliza leo mnasikia kuvunjika? Mnasikia Nico anamjibu Kabasele. Basi.

Kabasele alifariki tarehe 11 Februari 1983, siku kama ya leo, hakufikisha hata miaka 53. Tshombe alifia kizuizini Algeria tarehe 29 Juni 1969, kesho yake ndo ilikuwa siku ya uhuru wa Congo. Kasavubu alikufa mwaka huo huo. Mwili wa Lumumba uliyeyushwa kwa tindikali, kilichobaki ni jino, polisi wa Kibelgiji alikaa nalo kama kumbukumbu ya uwindaji, na likarudishwa kwa familia Juni 2022, likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Miaka 62 kamili toka siku ya uhuru. Mimi siku ile niliweka huu wimbo ndani ya gari, nikapaki pembeni ya barabara, kwa kweli sikuweza kuendesha.

Nyie vijana wa nyuma, sasa nakuja kwenu. Mnaona haya mambo ni ya wazee? Yule Vicky Longomba niliyemtaja, wa OK Jazz, mtoto wake ni Awilo Longomba, huyo mnamjua nyote msinidanganye. Mtoto wake mwingine, Lovy, alikuja Nairobi akaimba na Super Mazembe, na watoto wa Lovy ndo The Longombas, waliotuchezesha wote miaka ya 2000. Yaani kutoka Hoteli Plaza mpaka kwenye simu yako ni babu, baba na mjukuu, tatu tu.

Na kuna mwingine. Mwaka 2010, Congo inatimiza miaka 50 ya uhuru, rapa mmoja anaitwa Baloji, kazaliwa Lubumbashi, kakulia Ubelgiji, tena Lubumbashi ile ile ya Katanga ya Tshombe, akaurudia huu wimbo kwa maneno yake mwenyewe, akauliza tumefika wapi. Na kwenye jina la wimbo wake aliweka Kiswahili, aliuita Siku ya Baadaye. Mara ya kwanza kuliona hilo jina nilikaa kimya muda mrefu. Kabasele aliimba siku yenyewe, ile siku ya ushindi. Huyu, wa rika la wajukuu zake, kaimba siku inayofuata. Na kaisema kwa lugha yetu, lugha waliyokuwa wanaongea makuli wa Belbase.

Nasikia watu wakisema vijana wa leo hawana ndoto kama za wale wa 1960. Sikubaliani na hilo pia. Nadhani tatizo ni kwamba hakuna anayewatajia majina kwenye mstari mmoja. Nyimbo za siasa tunazo tele, kila uchaguzi zinatungwa, na kila wimbo una jina moja tu. Moja! Kabasele alitaja wapinzani wote kwa pumzi moja na akawatakia heri wote. Nani kati yetu amesikia wimbo wa namna hiyo miaka ya karibuni? Naomba mnitafutie, nitafurahi sana nikikosolewa.

Basi wapendwa, nimeongea kuliko dakika nilizopewa na mwenyekiti ananiangalia. Fundi wetu wa mitambo ameshaisafisha ile santuri, ni ile ile ya babu, inakwaruza mtanivumilia. Anayetaka kucheza acheze, nafasi tumeiacha hapa mbele kwa makusudi. Ila majina yakifika sikilizeni vizuri, na likitajwa la Lumumba mimi nitasimama kama nilivyozoea toka mtoto.

Fundi, weka.